Mlevi Aliyetubu kwa Mkono wa Kushoto

Mjukuu wangu amerudi kutoka Nairobi na vitu viwili vipya, miwani na maoni. Miwani najua ameinunua wapi. Juzi tulikuwa tumekaa barazani, mimi na kahawa yangu, yeye na mguu juu ya mguu, akaniambia kwamba filamu za siku hizi ni upuzi mtupu, watu kurukaruka na kubusiana, na kwamba filamu hasa zilikuwa zile za kale, kabla sinema haijapata sauti. Zilikuwa nzito, ati. Zilimfunza mtu siasa na maadili. Kisha akanipa pole kwa kuwa mimi, bibi yake, sikubahatika kuziona.

Nilimwacha amalize, maana kumkatiza msomi ni kujitafutia taabu. Lakini maneno yale yamenikaa kooni tangu siku ile, na ndiyo yaliyonikalisha kuandika. Nimeziona. Nimeziona zikiwa mpya, hapa hapa Malindi, nikiwa msichana sijaolewa, nikikaa juu ya mkeka nyuma ya duka la nguo. Mvua ikinyesha nilikwenda, nikiwa na homa nilikwenda. Kama mjini petu kuna mtu aliyezipenda picha zile kunishinda, basi huyo keshazikwa. Nilizipenda sana. Ila huo uzito wake tuuzungumze vizuri.

Mwenye picha alikuwa Mhindi muuza nguo. Alikwenda Bombay kumzika baba yake akarudi na mashini, na wenziwe wakasema huzuni imemharibu akili. Ilikuwa kasha lenye jicho la kioo mbele na mkono wa kuzungusha ubavuni, na ndani yake taa ya karabai iliyonuka kama kitunguu saumu. Ukizungusha kwa mbele, watu wakaenda mbele. Ukizungusha kwa nyuma, wakarudi nyuma. Nyuma ya duka palikuwa na ua, na nyuma ya ua huo ua wa pili, wa wanawake wa nyumba ile. Ukuta wa katikati ulikuwa umebomolewa na masika, na yule bwana, badala ya kuujenga, akalitundika shuka kubwa la kitambaa cheupe cha marekani kwenye pengo. Kabla ya kuanza, shuka lilimwagiwa maji, ili mwanga upenye utokee upande wa pili.

Wanaume walikaa upande wa mashini. Sisi wanawake tulipitia uchochoro wa nyuma, tumejifunika gubigubi, tukakaa upande wa pili. Mwanamke wa heshima wakati ule asingekaa ua mmoja na wanaume hata kama wote ni wajomba zake. Kwa hivyo tulitazama kile kile walichotazama wao, ila kwa nyuma. Na nguo ukiitazama kwa nyuma, kila mtu aliyemo hugeuka mikono. Mtu akila kwa mkono wa kulia upande wa wanaume, kwetu sisi alikula kwa kushoto. Mjukuu wangu katika usomi wake wote hajapata kulifikiria hilo, wala aliyezitengeneza picha hizo huko Ulaya hakulifikiria.

Na picha hazikuwa na sauti, kwa hivyo palihitajiwa mtu wa kueleza. Alikuwa kaka yangu, mtoto wa kiume wa pekee kwa mama yetu. Baba alifariki sisi tungali wadogo, na yeye ndiye aliyetulisha. Kazi yake ilikuwa kupima na kukata nguo katika duka lile lile, na shuka la picha alilishona yeye. Alikuwa na ulimi mtamu. Mwanamke alikuja kununua leso ya jikoni akaondoka na ya harusi. Usiku wa picha alisimama kando ya shuka na fimbo, akaeleza, na sauti yake ikavuka juu ya nguo ikatufikia sisi.

Jambo moja zaidi juu yake, kisha nitaingia kwenye sinema. Kaka yangu alizaliwa mtu wa mkono wa kushoto. Mama alijitahidi. Alimfunga mkono kwa kitambaa akiwa mdogo, na kwenye chuo cha Kurani mwalimu alimchapa vidole mpaka vikavimba. Mwisho wake alijua kula na kuandika kwa kulia kama watu. Lakini kazi nzito hazikufundishika. Akitupa jiwe, akishika shoka, akijitwika gunia, ulikuwa ule ule wa kushoto, na kiwiko nje, kama mtu anayejikinga na jua. Dukani alipima marekani kwa mkono wa kulia mbele ya wateja, na wakigeuka akakata kwa kushoto.

Sasa uzito. Picha ya kwanza nzito ililetwa na padre mmoja, ili watu wa pwani waache ulevi. Waislamu wa mjini wakajaa tele, kuja kuonyeshwa ubaya wa jambo ambalo mchana hakuna aliyekuwa akilifanya. Mzungu mmoja mwenye masharubu aliingia mahali akapewa glasi, akanywa, akarudi kwake akiyumba, akampiga mkewe. Mtoto wao akaugua akafa. Yule bwana akapiga magoti, akaitupa chupa dirishani, akauinua mkono kuapa kwamba basi, na mkewe akamwangukia kifuani kwa furaha. Upande wa wanaume, nimeambiwa, wazee wazima walipangusa macho. Kaka aliieleza toba ile kama yake mwenyewe.

Upande wetu mambo yalikwenda vingine. Mlevi alikunywa kwa mkono wa kushoto, na hapo hatukushangaa, mlevi utamtarajia nini. Lakini mkate pia akaula kwa kushoto. Kisha akauinua ule ule wa kushoto mbinguni, kumwapia Mungu.

"Huyu muongo," akasema mama yake mwenye duka, bibi kizee aliyekuwa haoni vizuri ila hilo aliliona. "Toba gani kwa mkono ule?"

"Hata hajanawa," mama yangu akamuunga mkono.

Palikuwa na mama mmoja kutoka kijiji cha Ganda, mteja wa duka, ambaye mumewe alikuwa mgema. Yeye shida yake ilikuwa nyingine. "Na kileo chenyewe ni kile kiglasi? Mume wangu humaliza kibuyu akapanda mnazi akashuka, na hajanigusa."

"Na yule mke hana kwao?" nikauliza mimi. "Kapigwa mara tatu, hata ndugu zake hajawaita."

Basi mahakama ya nyuma ya shuka ikamhukumu. Hakutubu. Nilipofika nyumbani nikampelekea kaka hukumu yake, naye akacheka mpaka akashika ukuta.

"Nyinyi mwaona nyuma ya nguo," akasema. "Nguo ina ndani na nje. Hukujua?"

"Najua. Hata hivyo hatukumwamini."

"Nyote?"

"Hata mmoja hakumwamini."

Akautazama mkono wake wa kushoto. "Basi siku nikipigwa picha mimi, upande wenu nitakuwa mtu wa adabu."

Mama alimwambia aache upuzi ale. Mimi msimamo wangu haujabadilika hadi leo, na mkono si sababu. Picha ile ilitaka tumsamehe mtu kwa kutupa chupa moja. Mtoto amekufa, mke amevimba uso, na dawa ya yote ni chupa kuvunjika barabarani. Kama hayo ndiyo maadili, mimi ninayo mengi zaidi chumbani kwangu.

Kitu kizuri katika picha ile kilikuja baada ya kwisha. Mwenye duka, ili kuurudisha utepe mahali pake, alizungusha mkono kwa nyuma, na hakuwa na haja ya kuizima taa, kwa sababu watu walipenda kucheka. Basi chupa ikaruka kutoka barabarani ikamrudia mkononi. Mtoto aliyekufa akaamka kitandani. Mke akatoka kwenye kipigo akiwa mzima, na mlevi akakitema kileo chote kikarudi kwenye glasi bila kumwagika tone, akatoka kinyumenyume, mtu safi. Ua mzima ulikufa kwa kicheko. Mimi niliipenda sehemu hiyo kuliko picha yenyewe, na kila mara nilisubiri mtoto aamke.

Ya pili ilikuwa ya msichana aliyekataa mchumba aliyechaguliwa na baba yake akamfuata kijana mwenye kinanda. Hii ilikuwa ya kutufunza sisi wasichana. Kijana kama ilivyotarajiwa akamwacha, na msichana akatembea peke yake akaangukiwa na vitu vyeupe kutoka juu, vingi, mpaka akafunikwa akafa. Kaka yangu hakuwa amepata kuona theluji, wala mtu mwingine yeyote mle uani. Lakini alijua Wazungu wa huku kwetu walikuwa wakilima pamba, akakata shauri papo hapo.

"Amekimbilia shamba la pamba," akaeleza. "Na upepo umeingia."

Mji mzima ulikwenda kulala ukijua kwamba Ulaya mtu huweza kuuawa na pamba. Mama wa Ganda aliuliza kwa nini msichana mwenyewe hakujipangusa, na swali hilo sijalijibu hata leo, maana hata theluji mtu hujipangusa. Msichana alikaa kitako ikamfunika. Aliyeitunga picha alitaka afe, basi akafa. Huo si uzito, huo ni uvivu.

Ya tatu ilikuwa ya siasa hasa. Mzungu wa serikali aliileta mwenyewe, ya mfalme wao akipita kwenye gari la farasi. Akaamrisha kwamba kila mfalme atakapotokea wanaume wasimame. Hakujua kwamba picha imeungwaungwa, na mfalme atatokea, apotee, atokee tena kwa pembe nyingine. Wakasimama, wakakaa, wakasimama, wenye magoti mabovu wakaanza kunung'unika. Sisi hakuna aliyetuamuru kitu, kwa hivyo tulikaa tukatafuna korosho. Mfalme akatupungia mkono wa kushoto. Mama yake mwenye duka akageuza uso.

Kisha mashini ikakwama, na mfalme akakwama mkono juu. Wanaume wote wamesimama, na mfalme hapiti, kwa hivyo hakuna ruhusa ya kukaa. Mzungu naye kasimama, kofia kwapani, jasho likimtoka.

"Mfalme anawatazama," kaka akaeleza, maana kunyamaza hakujua. Mkono haukushuka. "Mfalme bado anawatazama."

Taa ya karabai haina itifaki. Mfalme akaanza kuungua, kuanzia puani. Tundu likakua mpaka likala shavu, na mwenye duka akakimbilia kuifunika taa huku akiomba radhi kwa lugha tatu. Baadaye alikikata kile kipande akaunga, na tangu hapo mfalme akifika pale alikuwa akiruka kidogo. Mambo ya siasa niliyojifunza kwenye sinema ni hayo.

Nacheka, naona. Ngoja basi nifike kwenye ile isiyonichekesha.

Vita vilikuja, vya Waingereza na Wajerumani, na watu wakatakiwa kwenda kubeba mizigo ya jeshi. Walitakiwa wengi, na waliokuwa tayari walikuwa wachache. Yule Mzungu akaja na picha nyingine. Hii mjukuu wangu angeiandikia makala. Safu ya wapagazi, watu weusi kama sisi, mizigo kichwani, mkono mmoja umeushika mzigo, wakapita mbele ya mashini ya kupigia picha. Wengine walicheka, na nani asingecheka akiona kasha lina jicho moja lamtazama. Kisha sufuria kubwa, mpishi akichota nyama kwa upawa. Kisha safu tena, ikiingia porini. Basi, ikaisha.

Karani wa Mzungu alimpa kaka yangu maneno ya kusema, nayo yalikuwa makavu: wapagazi wanakula vizuri, wanalipwa, wanarudi kwao. Lakini kaka hakuweza kumuuzia mtu nguo bila kumwonyesha na pindo. Akasema nyama ile ni ya mbuzi, imepikwa kwa tui. Huyu anayecheka, akasema, anaifikiria nyumba atakayoijenga akirudi. Yule nyuma yake ana mchumba. Pori lile lina kivuli na maji baridi. Mimi mwenyewe, nyuma ya shuka, nilimeza mate kwa nyama ile.

Mzungu akasimama, karani akatafsiri: nani atakwenda? Tulimsikia mtu akikohoa. Kisha sauti moja ya kijana, kutoka nyuma kabisa walikokaa watu wa mashambani, ikasema pole pole, "Na huyu msemaji? Yeye aenda?"

Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka, wakasubiri. Sisi hatukuwa tukiona kitu, shuka lilikuwa jeupe tupu. Mama alinishika kifundo cha mkono. Nilijua kabla hajasema, kwa sababu namjua: aliweza kuvumilia njaa, aliweza kuvumilia kuchapwa vidole, lakini kusimama mbele ya watu bila jibu hakuweza.

"Mimi ndiye wa kwanza," kaka yangu akasema.

Baada yake wakasema wengi. Mzungu alifurahi sana na sinema.

Kuondoka kulikuwa Jumamosi, na siku zile zote za katikati nyumbani kwetu palikuwa hapakaliki. Mama alimlilia. Alimwambia aende Takaungu kwa mjomba ajifiche mpaka Mzungu apite, wangapi wamefanya hivyo na hakuna aliyewafuata. Mwenye duka naye alikuja akamwambia kwamba atamwombea kwa karani, kwamba duka haliwezi bila yeye. Kaka aliwajibu wote kwa jibu moja.

"Nimesema mbele za watu."

Mimi sikulia. Nilikuwa nimekasirika, na nikikasirika huongea. Siku ya Ijumaa nilimletea chai nikamkalia mbele.

"Kaka, mbona hatukuwaona wakirudi?"

"Kina nani?"

"Wale wa kwenye picha. Wamekwenda, wamepikiwa, wamekwenda tena. Mbona hatukuwaona wakirudi?"

"Utepe ulikwisha."

"Ya mlevi haikwisha mpaka katubu. Ya yule msichana haikwisha mpaka kafa. Hii mbona imekwisha njiani?"

Alikizungusha kikombe sahanini, kwa mkono wa kushoto, na safari hii mama hakumkemea. Alijua nimemshika. Alikuwa amezieleza picha nyingi kuliko mtu yeyote katika pwani hii, na alijua picha isiyo na mwisho ikoje.

"Ni picha fupi, dadangu," akasema.

Asubuhi yake walikwenda kwa miguu, yeye mbele, na wote waliompa sikio nyuma yake. Yule kijana wa nyuma kabisa, aliyeuliza, sikumwona katika safu. Namlaumu yule? Nilimlaumu miaka mingi. Kisha nikatambua kwamba ndiye peke yake mle uani aliyeuliza swali la maana, hata kama alimwuliza mtu asiyestahili kuulizwa.

Vita vilichukua muda mrefu kuliko alivyosema karani. Waliorudi walirudi mmoja mmoja, wamebaki mifupa, na hawakuwa na hadithi ya nyama. Mmoja wa Takaungu alituambia kwamba waliachana mtoni, mbali huko kwa Wajerumani, kaka akiwa anaumwa tumbo lakini anatembea. Tukamwuliza kisha? Akasema kisha hakumwona. Tulipowauliza wengine walitazama chini. Serikali hatukujua pa kuiulizia, na tulipojua ilituambia tusubiri. Mama hakuweza kuweka tanga la kuomboleza, maana tanga huwekwa kwa maiti au kwa habari, na sisi hatukuwa na kimojawapo. Jirani hawakujua watupe mkono wa pole au watuulize hali. Mama alikaa vile vile, si mfiwa wala si mzima, akipikia chungu kikubwa kuliko haja yetu.

Vita vilipokwisha, mwenye duka alilitundika shuka tena. Picha ya ushindi, akasema, imetoka Mombasa, na kesho yake inakwenda Lamu. Mama alikataa kwenda. Alikuwa akiichukia nguo ile kama mtu. Mimi nilikwenda. Nilikuwa nazipenda bado, siwezi kusema uongo, na tena pale ndipo palipokuwa mahali pa mwisho nilipoisikia sauti ya kaka yangu ikiwa na furaha. Nilikaa juu ya mkeka ule ule. Mama wa Ganda alinisogelea bila kusema neno. Mumewe naye alikuwa amekwenda, naye alikuwa amerudi.

Aliyeeleza safari hii alikuwa karani mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayesoma bei. Wakatokea wakubwa wakipeana mikono, yote ya kushoto kwa upande wetu. Wakabandikana nishani. Karani akasema huu ni ushindi wa haki. Kisha ikaja safu ya wapagazi.

"Hawa ni wapagazi," karani akasema. "Wana furaha."

Hawakuwa wakicheka tena. Walikuwa wakitazama ardhi. Walipita mmoja baada ya mmoja, mbavu, mzigo, mkono, na kwa upande wetu kila mmoja ameushika mzigo wake kwa mkono wa kushoto. Kushoto, kushoto, kushoto, safu nzima ya watu wasiofundwa. Kisha akaja mmoja ameushika kwa kulia. Kiwiko nje, kama anayejikinga na jua.

Alipita muda wa kuvuta pumzi na kuitoa. Uso ulikuwa umekwisha, nisingeujua. Lakini mtu yule katika nguo ile yote ndiye peke yake aliyekuwa sawa, na mimi nikamjua.

Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka maji ya shuka, maana nilipita chini yake na lilinigandia kichwani likanivua ushungi. Nikatokea upande wa wanaume, mwanga wote machoni mwangu, na wakubwa wale wa ushindi, wametokea tena na mikono yao na nishani zao, wakinipita usoni na mabegani. Watu wakasema astaghafirullahi. Karani akaniambia nirudi nilikotoka. Nikapita katikati yao mpaka kwenye mashini, na mwenye duka akautazama uso wangu, akaacha kuzungusha, akaifunika taa.

"Irudishe," nikamwambia. "Kaka yangu yumo."

Hakuniuliza kitu. Alikuwa amempenda kama mwanawe. Akaifunua taa akauzungusha mkono kwa nyuma, pole pole, kuliko nilivyopata kumwona akiuzungusha.

Wakubwa wakanyang'anyana nishani. Wakaachana mikono. Kisha wapagazi wakaja kinyumenyume, na watu wawili watatu wakaanza kucheka kwa mazoea, maana mtu anayetembea kinyumenyume huchekesha, kisha wakaona mimi sicheki wakanyamaza. Kutoka upande huu wote walikuwa wa kulia. Nikamngoja wangu. Akatokea kule alikokuwa amepotelea, mkono wa kushoto juu ya mzigo, ule uliofungwa kitambaa, ule uliochapwa. Akarudi hatua kwa hatua, mgongo mbele, akaipita mashini iliyompiga picha, akaishia pale safu ilipoanzia, upande wa nyumbani. Wenziwe waliomtangulia nao wakarudi nyuma yake, hakubaki mtu. Karani hakuwa amepewa maneno ya sehemu hiyo.

Ukafika utepe mtupu uliotenga safu na wakubwa wa mwanzo, shuka likawa jeupe. Mwenye duka mkono wake ulikuwa bado kwenye mashini.

"Sasa niende mbele, bibi?" akaniuliza.

"La, bwana," nikamwambia. "Zima taa."